Laptopu "mpya", Windows ya zamani: apgredi iwe bure au tulipie?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Morogoro. Mwezi wa tisa nilinunua laptopu mpya Dar, HP EliteBook 840, laki sita na nusu, ina Windows 10 Pro. Mwezi wa kumi ikaanza kuniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Nikapiga simu dukani, wakaniambia niipeleke waipandishe iwe Windows 11 kwa elfu sitini. Naona sio haki, mtu aliyenunua kompyuta juzi tu si anatakiwa apewe toleo jipya bure? Kwenye mipangilio imeandikwa Intel Core i5-6300U, ram 8. Na mdogo wangu anataka kununua ThinkPad T480 wiki ijayo, nimwambieje?"

Marahaba mwalimu, pole na majukumu. Tangu Oktoba 14, 2025 ipite, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, hapa mezani kwangu ni hilo hilo tu, kila anayeingia na laptopu kwapani anaanza na "fundi, eti Windows imekufa?" Nitakujibu kirefu, univumilie, maana ndani ya swali lako kuna maswali kama matatu yamebanana na moja wewe mwenyewe hujaliona, nalo ndio litakalokuuma, kwahiyo naliacha kidogo mpaka uwe umeshakaa vizuri.

Tuanze na haki. Jibu langu ni ndiyo, mtu anayenunua kompyuta mpya wakati toleo jipya liko mlangoni apewe bure, tena asizungushwe, na wala tusiite zawadi. Fikiria ungekuwa wewe, unasikia mwezi ujao kinakuja kitu kipya, ungetoa hela leo? Ungesubiri. Na kila mtu akisubiri duka linalala. Biashara hii ilijifunza hilo zamani na kwa machungu, kuna bwana alikuwa anaitwa Adam Osborne, kule California, alianza kuuza kompyuta ya kubeba mwaka 1981, Osborne 1, dola 1,795, kubeba kwenyewe ni kilo kama 11 yani unatembea umeegemea upande mmoja kama mtu kabeba ndoo ya maji, lakini ilikuwa inatoka kweli kweli. 1983 akaanza kuisifia mashine inayofuata kabla haijawa tayari, wateja wakasema basi tusubiri hiyo, wenye maduka wakafuta oda, na Septemba ya mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema kampuni ilikuwa na matatizo mengine pia, sawa, sibishi, lakini hadithi hiyo ndio wauza kompyuta wote wanalala nayo.

Kwahiyo ukiona kampuni inagawa kuponi ya apgredi usidhani imekuonea huruma. Inajikinga yenyewe ili usiache kununua.

Chukua Vista, toleo la Windows lililofuata XP. Microsoft walitaka itoke kabla ya Krismasi ya 2006, ikachelewa, ya watu wa kawaida ikatoka Januari 30, 2007, maana yake msimu mzima wa manunuzi kule Marekani maduka yamejaa mashine za XP na kila mtu anajua XP inapitwa. Wakaweka mpango, ukinunua kompyuta ya XP kati ya Oktoba 26, 2006 na Machi 15, 2007 unahamia Vista bure au kwa punguzo, kutegemea XP yako ni ipi. Windows 7 ilipokuja ikawa hivo hivo, yenyewe ilitoka Oktoba 22, 2009 na mpango ulianza Juni 26 mpaka Januari 31, 2010. Lakini sasa soma maandishi madogo. Aliyenunua mashine yenye Vista Home Basic, ile ya bei ya chini kabisa, hakuwemo. Yani mwenye hela kidogo ndo akaambiwa wewe kalipe tena, na mwenye hela nyingi akapewa bure, mimi hiyo sikuielewa mpaka leo. Windows 8 mwaka 2012 wakaacha hata kusema neno bure, ukinunua mashine ya Windows 7 kuanzia Juni 2, 2012 unalipa dola 14.99, wengine wote 39.99.

Na hapo bado hatujagusa stika. Hii nataka uisome vizuri kwa sababu ndio ndugu wa tatizo lako. Mwaka 2006, Vista ikiwa bado inapikwa, kompyuta zikawa zinauzwa na stika imeandikwa kwamba zina uwezo wa Vista. Mnunuzi anaona stika anajua basi niko salama, nanunua XP leo, kesho Vista. Kumbe zile zenye chipu za Intel za aina ya 915 zilikuwa haziwezi kuonyesha yale madirisha ya vioo ambayo ndio ilikuwa sura ya Vista kwenye matangazo yote, zinaweza ile Vista ya chini kabisa tu, na masharti ya stika yalikuwa yamelegezwa makusudi ili chipu hizo ziingie. Watu wakaenda mahakamani Seattle mwaka 2007. 2008 zikatoka barua pepe za ndani za Microsoft wenyewe na humo kuna makamu wa rais wao, Mike Nash, analalamika kwamba na yeye kanunua laptopu kwa kuamini stika na sasa kabaki na mashine ya barua pepe ya dola 2,100. Bosi wa kampuni yenyewe! Mwaka 2009 jaji akakataa watu wasiendelee kushtaki kwa pamoja na kesi ikapoa, lakini uliyoulizia wewe yote yalikuwa mle: apgredi ipo, mashine umeshanunua, alafu mashine hiyo haiibebi.

Apple nao msione wasafi. Oktoba 2007 walipotoa Leopard, toleo jipya la mfumo wa Mac, aliyenunua Mac kuanzia tarehe moja ya mwezi huo akakuta ya zamani ndani alitozwa dola 9.95 ya kumtumia sahani ya DVD, na aliyewahi kununua mapema zaidi dola 129. Na kuna kituko cha mwanzoni mwa 2007, walikuwa wameuza Mac zenye waya-lesi ya kasi mpya ndani lakini imezimwa, sasa wanataka kuiwasha, wakawatoza watu dola 1.99. Watu wakacheka, kampuni kubwa vile inadai dola mbili? Sababu waliyotoa ni wahasibu. Yani kwa kanuni za hesabu za Marekani za wakati ule, ukimuuzia mtu kitu leo ukaandika hela yote kwamba imeingia, alafu baadae ukamwongezea kitu kipya bure, wakaguzi wanaweza kukuuliza mbona uliandika mauzo yote kabla hujamaliza kumpa mteja mzigo wake. Kwahiyo bora utoze hata senti. Nakuambia hili kwa sababu watu wengi wanadhani bei ya apgredi inatokana na gharama ya kuitengeneza, hapana, mara nyingine ni daftari tu. Kanuni hizo zilibadilishwa 2009 na baada ya hapo neno bure likaanza kutoka kirahisi midomoni mwao. Lion 2011 ukinunua Mac kuanzia Juni 6 unapata bure. Mavericks, Oktoba 22, 2013, bure kwa wote, na toka hapo Apple hawajawahi kuuza tena mfumo wa Mac, wanauza chuma. Microsoft wakafuata, Windows 10 ikatoka Julai 29, 2015, bure mwaka mzima kwa wenye 7 na 8.1, na mwaka ulipoisha mlango ukaachwa wazi kimya kimya, sisi mafundi tulikuwa tunapiga Windows 10 kwa funguo za Windows 7 mpaka Septemba 2023 walipoufunga kweli.

Sasa mwalimu, hapa ndio penyewe. Bei ilipotoka kwenye apgredi, kikwazo hakikuondoka, kilihamia kwenye chuma. Windows 11 ilitoka Oktoba 5, 2021, bure kabisa kwa mwenye Windows 10 halali, huhitaji kuponi, huhitaji risiti wala kumpigia mtu simu. Lakini inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, inataka ram kuanzia GB 4, na inataka prosesa, yani ubongo wa kompyuta, iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Walipoitangaza orodha hiyo kwa mara ya kwanza hata kompyuta yao wenyewe Microsoft, Surface Studio 2, ilikuwa haimo kwa sababu ina prosesa ya kizazi cha saba, wakaja kuiongeza hiyo prosesa yao moja baada ya kelele. Ya kwao iliongezwa, ya kwako haikuongezwa.

Ndio tufike kwenye laptopu yako. Kaa.

i5-6300U. Hiyo 6 ya mwanzo ndio kizazi, cha sita. Intel walianza kuitoa prosesa hiyo mwaka 2015. EliteBook 840 yenye prosesa hiyo ni ile inayoitwa G3, na mashine hizo zilikuwa zinawekwa kwenye maofisi huko Ulaya na Marekani kuanzia 2016 hivi. Ofisi inazitumia miaka mitatu minne, inazitoa kwa mkupuo, zinanunuliwa na watu wa kusafisha na kukarabati, zinaingia kwenye kontena, zinafika kwetu zimefutwa vumbi zimebandikwa karatasi ya nailoni juu ya skrini, na hiyo karatasi ndio inawapoteza watu wengi. Laptopu yako sio mpya mwalimu. Ni mpya kwako. Siku unainunua ilikuwa na miaka karibu tisa, kumi. Sio lazima iwe mbovu, mimi mwenyewe naandika haya kwenye mtumba na zile EliteBook ni ngumu kuliko laptopu nyingi mpya za plastiki za bei hiyo hiyo, kibodi yake utaipenda, lakini swali lako la "mnunuzi mpya apewe bure" linabadilika sura kabisa hapo, kwa sababu bure umeshapewa na mlango umefungwa kwa sababu ya umri wa mashine.

Na hapo naomba uniruhusu nikasirike kidogo kwa niaba yako. Elfu sitini wanayotaka sio ya leseni. Leseni ya Windows 10 Pro kama ni halali iko tayari kwenye kumbukumbu za hiyo mashine na inakubalika kwenye 11 bila senti. Kama ni hela ya mkono wa fundi, kukaa saa mbili, kukutunzia mafaili yako, bando la kushusha faili la zaidi ya GB 5, hiyo sina ugomvi nayo, fundi naye anakula, mradi aseme hivo. Shida ni kwamba kwa prosesa yako watalazimika kuipitisha 11 dirishani. Inawezekana, kuna programu kama Rufus, unatengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, inakaa, inawaka, unafurahi. Lakini Microsoft wameandika wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti, na kila toleo la mwaka la Windows 11 Home na Pro lina miezi 24 tu ya kuhudumiwa, mashine halali inajivuta yenyewe kwenda toleo linalofuata, ya dirishani mara nyingi inabaki pale pale mpaka uirudishe kwa fundi akapige tena. Kwahiyo unalipa elfu sitini leo na elfu nyingine toleo hilo likiisha muda. Nimewapigia watu hivo mimi, sikatai, wanaojua wanachokifanya. Kwa mwalimu anayetunza mitihani na alama za wanafunzi humo humo, sishauri.

Kwahiyo usiipeleke. Fanya hivi, na uanze na hili la kwanza leo leo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, enta. Kitatokea kisanduku kidogo. Kikisema imeamilishwa moja kwa moja, vizuri. Kikikuonyesha tarehe ya kuisha, ya miezi michache mbele, hapo kuna harufu ya kraki, yani Windows ya wizi, kwa sababu zile njia za kraki zinazojifanya ni seva ya kampuni zinatoa siku 180 alafu zinajirudia zenyewe kimya kimya. Na kraki mwalimu sio suala la dhambi tu, ni kwamba hujui aliyeitengeneza kaweka nini kingine ndani.

Ikiwa iko sawa, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya apdeti za Windows, hakikisha uko toleo la 22H2, utaona kiungo cha kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa ziada wa apdeti za usalama, mpaka Oktoba 13, 2026. Watakwambia dola 30, usikimbie, kuna njia ya bure palepale, unakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, basi. Akaunti lazima uwe nayo kwa njia zote. Akaunti moja inabeba mpaka kompyuta kumi kwahiyo hata ile ya mumeo, ikiwa ni Home au Pro, iingize humo. Zikiwa Enterprise, ile ya makampuni, haikubali, na ukikuta laptopu ya mtumba ina Enterprise uliza imetoka wapi. Kwa watu wa Ulaya huo mwaka wamepewa bila hata sharti la kuhifadhi mipangilio, na hawakupewa kwa sababu wana sura nzuri, walipewa baada ya vyama vya watetezi wa walaji kule kuibana Microsoft. Sisi tumepewa baki.

Pili, risiti. Angalia risiti yako ya EFD na kama kuna karatasi ya garantii, wameandika mpya au wameandika nini? Ujumbe wa simu wa yule muuzaji akisema ni mpya, utunze. Rudi dukani kwa upole kwanza, waonyeshe namba ya prosesa, omba warudishe sehemu ya hela au wakubadilishie yenye kizazi cha nane uongeze kidogo. Maduka mengi hapo yatakaa chini muongee kwa sababu hawataki kelele mbele ya wateja wengine. Wakigoma, kumuuzia mtu bidhaa kwa maelezo ya uongo kunagusa sheria ya ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, ndio mahali pa kupeleka malalamiko. Usiende na hasira ya Windows 11, hawatakuelewa, nenda na neno moja tu, niliuziwa kama mpya na sio mpya.

Tatu, huo mwaka utaisha. Mashine yako bado ina maisha, ram 8 inatosha sana, ikifika Oktoba 2026 weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, bure ya kweli, haikuulizi kizazi wala stika. Zamani Canonical, wenye Ubuntu ambayo nayo ni Linux, walikuwa wanakutumia sahani zake za CD kwa posta bila kulipa hata stempu, mpaka 2011 walipoacha, nilizigawa mpaka zikaisha. Tatizo lake kwako ni moja, Word. LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko, inafungua mafaili ya Word lakini mtihani wenye michoro, majedwali na alama za hisabati unaweza kukuta umehama kurasa, kwahiyo kabla hujahamia chukua mitihani yako mitano ya zamani uifungue humo uone. Ikikaa sawa umemaliza. Isipokaa, anza kuweka akiba taratibu ya mashine nyingine.

Kuna mtu atasoma hapa aseme mbona fundi unatetea sana apgredi, wengine hatuzitaki. Na yuko sahihi, na hapa nakubali kwamba bure nayo ina meno yake. 2015 na 2016 Microsoft walikuwa wanashusha mafaili ya Windows 10 kwenye mashine za watu ambao hata hawakuomba, mpaka GB 6, na wewe unajua GB 6 kwa bando letu la wakati ule ilikuwa ni nini, mtu ananunua kifurushi cha wiki asubuhi, jioni kimekwisha na hajafungua hata barua moja. Kule Jamhuri ya Afrika ya Kati kuna watu wa hifadhi ya Chinko, wanalinda wanyama dhidi ya majangili, intaneti yao ni ya setilaiti, laptopu zikaanza kujishushia Windows 10 zenyewe, wakalalamika hadharani 2016 kwamba mawasiliano ya askari walioko porini yako hatarini. Na huko California mama mmoja mwenye ofisi ya safari aliishtaki Microsoft kwa kompyuta iliyojipandisha yenyewe ikawa haifanyi kazi, akapata dola 10,000, Microsoft wakaacha rufaa yao. Apgredi ya bure iwe na kitufe cha kukataa, na kukataa kwako kuheshimiwe, na ukikataa usinyimwe apdeti za usalama kwa muda uliobaki. Hivyo ni vitu viwili tofauti, toleo jipya ni sura na mbwembwe, apdeti za usalama ni kitasa cha mlango. Watu wanavichanganya na kampuni zinapenda mvichanganye.

Ndio maana mimi nikiulizwa kitu gani hasa mnunuzi adai, sisemi adai apgredi bure, hiyo imeshashinda vita. Adai tarehe. Mashine hii itahudumiwa mpaka lini, iandikwe nje ya boksi kwa herufi za kusomeka kama kwenye maziwa. Na saa ianze kuhesabu siku gani? Chromebook kwa mfano, zile laptopu za mfumo wa Google, wanatoa miaka 10 ya apdeti, inasikika vizuri, lakini inahesabiwa toka aina hiyo ilipotoka kiwandani, sio toka siku wewe umelipa, ukinunua iliyokaa dukani miaka minne umenunua sita. Umoja wa Ulaya kuanzia Juni 20, 2025 wameweka kwa simu na tableti miaka isiyopungua mitano ya matoleo ya mfumo, na inahesabiwa toka siku simu ya mwisho ya aina hiyo ilipoingizwa sokoni, hapo ndo mnunuzi wa mwisho naye kahesabiwa. Kompyuta hazimo kwenye kanuni hiyo. Kwahiyo simu ya kijana wako wa Ulaya ina ulinzi ambao laptopu ya babaake haina. Na kwetu huku ambako mashine inaanza maisha yake ya pili siku imeshushwa bandarini, tarehe hiyo ingekuwa na maana kuliko huko ilikotoka, ungeisoma kaunta, ungejua unanunua miezi mingapi, na bei ungeipigania kwa hesabu hiyo.

Sasa mdogo wako na T480 yake. Ni chaguo zuri, lakini mwambie T480 ziko za aina mbili na kwa nje zinafanana kama mapacha. Nyingi zina i5-8250U au i5-8350U, hizo ni kizazi cha nane, Windows 11 inaingia bila kuomba ruhusa. Lakini zipo chache zilizotoka na i5-7300U, kizazi cha saba, hizo ziko kwenye kundi la kwako. Stika iliyobandikwa pale kwenye kibodi asiiamini, stika zinauzwa kwa bunda. Aiwashe hapo hapo dukani, abonyeze kitufe cha Windows na R, aandike msinfo32, asome mstari wa prosesa, alafu aandike tpm.msc aone pale chini kama toleo ni 2.0. Ni dakika mbili. Muuzaji akimwambia betri haina chaji aiwashie nyumbani, aage aende duka la pili.